Jinsi ya kuandika riwaya ya mapenzi ya mji mdogo: mgeni, siri na siku ya gulio

Kila mwezi napata maswali yaleyale kutoka kwa watu wanaotaka kuandika riwaya ya mapenzi ya kijijini. Mgeni atoke wapi? Siri ifichuke sura ya ngapi? Mbona hadithi yangu inakata pumzi ikifika sura ya nne? Nimejibu mmojammoja hadi vidole vimechoka. Haya hapa yote kwa mkupuo. Soma hadi mwisho kwanza, halafu urudi hatua ya 1 ukiwa na kalamu mkononi.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na bibi mwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani ya sanduku mlikuwa na barua, na ndani ya barua siri ya mji mzima, imelala humo miaka 30. Nikampa shangazi asome. Shangazi kazaliwa kijijini, kaolewa kijijini, hajawahi kuhamia kwingine. Alipofika kwenye sanduku akavua miwani.

"Huyu bibi hana wajukuu?"

Nikamwambia anao, saba.

"Na hakuna hata mmoja aliyelifungua? Basi wapeleke hospitali hao watoto, hawako sawa."

Ndipo nilipoelewa. Mji mdogo hauifichi siri, unainyamazia. Watu wazima wote wanaijua, na kila mmoja ana sababu yake ya kufunga mdomo. Asiyejua ni mgeni peke yake. Hatua zote hapa chini zimeota kwenye jambo hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mji mmoja mdogo unaoujua kwa miguu. Umelala pale, umeugua pale, au umewahi kukosa gari pale. Kupita kwa basi hakuhesabiki.
- Kaunta buku moja kwa ajili ya mipango tu. Usiandikie humo hadithi yenyewe.
- Simu au kompyuta ya kuandikia, na mahali pa pili pa kuhifadhi kazi. Mimi niliibiwa simu stendi ikiwa na sura 11. Tangu siku hiyo kila sura ninayomaliza najitumia kwa barua pepe kabla sijainuka kwenye kiti.
- Wasomaji wawili wa majaribio: mmoja aliyekulia mji mdogo, mwingine wa mjini kabisa. Wa kwanza atakushika ukidanganya, wa pili atakuambia alipopotea.
- Saa moja kila siku. Kama huna saa, nusu saa, lakini iwe ileile.

Hatua ya 1: Chagua mji, kisha uubadilishe jina

Chukua mahali halisi, hali ya hewa yake, mazao yake na barabara yake, halafu ubuni mji mmoja ndani ya mahali hapo. Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni milima ya Usambara, mkoani Tanga, Tanzania. Unashuka Mombo kwenye barabara kuu, joto linakupiga, unapanda gari dogo linaloanza kukata kona kuelekea Soni, na kabla hujafika Lushoto, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, unatafuta sweta. Kuna kabichi, karoti, viazi na plamu. Malori yanapakia mboga jioni yakimbize usiku kwenda Dar es Salaam. Waislamu na Walutheri wanaishi nyumba kwa nyumba. Wanaume wanaitana "mgosi". Mji wangu nimeuita Kwemkuyu. Nimeubuni mwenyewe, usihangaike kuutafuta kwenye ramani.

Kwa nini usitumie jina halisi? Kwa sababu ukisema mwenyekiti wa kijiji fulani alighushi karatasi, kijiji hicho kina mwenyekiti kweli, na mwenyekiti ana watoto wanaosoma.

Angalizo: Lushoto enzi ya Wajerumani iliitwa Wilhelmstal, na majengo ya wakati huo bado yapo. Kwa hiyo kila mwandishi mchanga anayegusa Usambara anataka sanduku la dhahabu la Mjerumani lililofukiwa chini ya mti. Achana nalo. Watu wameshachimba.

Hatua ya 2: Mlete mgeni kwa karatasi

Mgeni wa "alichoka na maisha ya jiji akaamua kwenda kijijini kutafuta utulivu" hana mashiko kwetu. Hakuna anayepanga chumba Kwemkuyu kutafuta utulivu. Mgeni wetu analetwa: barua ya kupangiwa kituo cha kazi, uhamisho, mradi wa maji, ndoa, msiba, urithi. Mwalimu, nesi, afisa ugani, fundi wa mnara wa simu, mjane aliyerudi kwa wakwe.

Chagua kazi itakayomlazimisha agonge milango ya watu. Hapo nesi ana faida kubwa kuliko karani: anaingia vyumbani, anaona miili, anasikia wanawake wakizungumza katikati ya uchungu. Wa kwangu ni Neema, miaka 29, ametoka Mbagala, Dar es Salaam, Mlutheri, amepangiwa zahanati ya Kwemkuyu. Amepewa nyumba ya mtumishi iliyo nyuma ya zahanati.

Andika kwenye kaunta buku mambo matatu kumhusu: amekuja na nini, ameacha nini, na anatarajia kukaa muda gani. La tatu ndilo linalobeba mapenzi. Neema anataka mwaka mmoja tu, kisha aombe uhamisho.

Hatua ya 3: Tengeneza siri, halafu chora jedwali la walioijua

Hapa ndipo penye kazi. Usikimbie.

Siri nzuri ya mji mdogo ina sifa moja ambayo wengi wanaisahau: ukimya wake unawafaidisha watu wema. Siri ya mtu mbaya mmoja aliyeua ni hadithi ya polisi. Siri ya mji mdogo ni ile ambayo hata wewe ungekuwa pale ungenyamaza.

Ya Kwemkuyu iko hivi. Mwaka 1994 Mzee Shemboza alitoa shamba bure ili ijengwe zahanati. Kabla ya hapo wanawake walibebwa kwenye machela kushuka mlima, na wengine walijifungulia njiani. Shamba likatolewa, zahanati ikajengwa, Mzee akawa mwenyekiti, na hadi leo akiingia mkutanoni watu wanasimama. Ila shamba halikuwa lake. Lilikuwa la mdogo wake, Ayubu, aliyefariki 1992 akaacha mke na mtoto wa miaka miwili. Muhtasari wa mkutano wa 1994 una dole gumba la Ayubu, miaka miwili baada ya kuzikwa.

Sasa chora jedwali. Safu ya kwanza jina, ya pili anajua nini, ya tatu alilipwa nini ili anyamaze. Malipo si lazima yawe pesa. Langu lilikuwa hivi:

- Mzee Shemboza: anajua yote. Alipata heshima, na usingizi wa shida.
- Mama Shabani, mjane wa Ayubu: anajua yote. Aliajiriwa kuwa mhudumu wa kwanza wa zahanati, na mshahara huo ndio uliomsomesha mwanawe.
- Mtendaji wa wakati ule, sasa mstaafu: yeye ndiye aliyeshika kidau cha wino. Alipata zahanati katika kijiji chake, akasifiwa wilayani.
- Mama Hoza wa mgahawa: anajua shamba lilikuwa la nani, hajui habari ya dole. Amejifungua watoto wanne pale, wote wazima.
- Shabani: anajua shamba lilikuwa la baba yake. Hajui habari ya dole gumba. Ameambiwa baba alilitoa kwa hiari kabla ya kufa.
- Vijana wa bodaboda: hawajui, lakini wanajua kuna kitu, kwa sababu wazee hubadilisha mazungumzo.
- Neema: hajui lolote, na analala juu ya shamba lenyewe.

Tazama mistari hiyo. Watu wawili wakikutana, soma safu zao na eneo limejiandika: Mama Hoza atamchezea Neema kwa maneno, mtendaji mstaafu atamkwepa, Mama Shabani atamletea uji wa moto kila asubuhi ili ajue anachouliza.

Halafu jiulize: kwa nini sasa? Siri imelala miaka 30. Nini kinaiamsha mwaka huu? Jibu liwe la kawaida kabisa. Kwangu, zahanati inataka kupandishwa hadhi iwe kituo cha afya, na halmashauri inadai uthibitisho wa umiliki wa ardhi. Neema anatumwa ofisi ya kijiji kuchukua nakala ya muhtasari. Hakuna jini, hakuna ndoto, hakuna barua chini ya kitanda. Ni faili lenye vumbi na karani anayesema "njoo kesho" mara tano.

Angalizo: ukigusa ardhi, gusa sheria kwa uangalifu. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mashauri ya kudai ardhi yana ukomo wa miaka 12. Shabani ana miaka 34. Hata ukihesabu tangu alipotimiza 18, muda umempita. Lakini sheria hiyohiyo ya ukomo inasema palipo na udanganyifu uliofichwa, muda huanza kuhesabiwa mtu anapougundua. Ina maana siku Neema atakapomwonyesha Shabani lile dole, saa inaanza upya, na Neema ndiye aliyeiwasha. Sikulipanga hilo. Nilikuwa nasoma sheria ili nisichekwe, nikaokota kiini cha riwaya.

Hatua ya 4: Mpenzi awe ndani ya siri, si pembeni yake

Jaribio: toa siri kwenye hadithi. Kama wapenzi bado wanaweza kuoana bila tabu, una hadithi mbili zilizofungwa kwa kamba. Shabani anaendesha fuso la mboga hadi Dar es Salaam mara mbili kwa wiki. Anampenda mwanamke ambaye kazi yake inahitaji shamba la baba yake libaki lilipo. Akilidai, kijiji kinakosa kituo cha afya na Neema anakosa pa kukaa. Asipolidai, atamwangaliaje mama yake?

Shabani usimfanye malaika. Awe na kitu kinachoudhi. Wa kwangu hajibu simu akiwa kwenye kona za Soni, jambo la busara, lakini hajibu hata akishafika Mombo.

Angalizo kubwa: wapenzi wote wawili wawe watu wazima. Napokea rasimu nyingi za mwalimu mpya na binti wa kidato cha tatu. Hayo si mapenzi. Kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na marekebisho ya sheria ya elimu ya 2016 yanampa anayempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Ukitaka kuliandika hilo, liandike kama ubaya uliotendeka, na msomaji aone hivyo.

Hatua ya 5: Pata kalenda

Mji mdogo una saa yake, na saa hiyo itakupa muundo bila kuhangaika. Weka kwenye ukurasa mmoja: siku ya gulio, mvua za vuli na masika, baridi ya Juni hadi Agosti, Ramadhani, Krismasi, mavuno, na mikutano. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Hiyo peke yake imenipa sura nne, maana Neema, mgeni asiyejua hata njia ya kisimani, ana haki ya kunyoosha mkono.

Gulio ni zawadi. Watu wote wa hadithi yako wanalazimika kuwa mahali pamoja, mchana, mbele ya macho ya wenzao. Masika nayo ni zawadi: mvua ikiporomosha udongo barabarani, fuso la Shabani haliendi popote kwa siku tatu.

Hatua ya 6: Andika sura ya kwanza, na ianze na mwenyeji

Wengi huanza na mgeni ndani ya basi akitazama milima na kukumbuka mpenzi aliyemsaliti. Nimesoma basi hilo mara nyingi sana. Jaribu kuanza na wenyeji wanaomwona akishuka. Ana begi la magurudumu, na barabara ni ya mawe. Kijana wa bodaboda anatazama viatu, Mama Hoza anatazama kidole cha pete, mtendaji mstaafu anatazama bahasha ya kaki mkononi. Kila mmoja ameshaandika wasifu wake kabla hajasema shikamoo.

Ndani ya sura hiyo mgeni atende kosa moja dogo la adabu. Neema anapita mbele ya wazee watatu barazani bila kusimama kuwaamkia, kwa sababu Mbagala ukisimama kuamkia kila mtu hufiki. Kosa hilo litamfuata hadi sura ya tisa.

Hatua ya 7: Wafundishe kusema bila kusema

Mazungumzo ndiyo yanayoua rasimu nyingi. Hii ni yangu ya kwanza, kabla sijaisahihisha:

"Karibu Kwemkuyu, Neema," alisema Mama Hoza. "Lakini uwe mwangalifu. Mji huu una siri nyingi, na nyumba uliyopewa ina historia ya kutisha."

Hakuna mama ntilie duniani anayezungumza hivyo na mteja wa kwanza wa asubuhi. Tazama ya pili:

"Shikamoo mama."
"Marahaba. Ndiyo nesi mpya?"
"Ndiyo mama."
"Wamekupa nyumba gani?"
"Ile ya nyuma ya zahanati."
Mama Hoza akafunika sufuria ya maharage, akaifunua tena.
"Ya nyuma."
"Ina shida, mama?"
"Shida gani? Nyumba ya bati, ina sakafu. Chapati ngapi, mwanangu?"

Siri yote imo kwenye mfuniko wa sufuria. Kanuni ninayoitumia: katika mazungumzo yoyote, mwenyeji ajibu swali lisiloulizwa, au aulize idadi ya chapati.

Heshima pia ni silaha, itumie. Siku Mama Shabani anapoacha kumwita Neema "mwanangu" na kuanza kumwita "nesi", hauhitaji kutuambia amekasirika. Siku Shabani anapomwita baba yake mkubwa "Mzee Shemboza" badala ya "baba", kijiji kizima kitatetemeka, na msomaji pia.

Kuhusu lugha ya pale: neno moja moja la Kisambaa linatosha, na liwe lile ambalo una uhakika nalo. Ukijaza sentensi za Kisambaa za kuungaunga, msomaji wa Lushoto ataweka kitabu chini na kumpigia mwenzake simu wacheke wote.

Hatua ya 8: Mapenzi yaende kwa miguu, na yaonekane

Mji mdogo hauna mahali pa kujificha, kwa hiyo kila tendo la upendo lina watazamaji. Hiyo ndiyo ladha yake. Kiroba cha karoti kilichoachwa mlangoni bila jina. Bawaba ya mlango iliyotengenezwa bila kuombwa. Kiti cha mbele cha fuso kilichofutwa vumbi. Anayeona karoti ataanza kuhesabu.

Niliyoipenda kuliko zote katika riwaya yangu ni ndala. Shabani anaingia kwa Neema mara ya kwanza usiku, kumpelekea dawa ya jenereta ya zahanati iliyozimika, yaani plagi mpya. Anavua ndala mlangoni kwa adabu. Mvua inaanza. Anakaa dakika 20, wanazungumza kuhusu plagi. Anapotoka, ndala zimepangwa vizuri, zimegeuzwa kuelekea nje, na ziko pakavu chini ya ukingo wa bati. Yeye hakuzipanga. Neema hakutoka. Kuna mtu amepita, ameziona, na amewaambia kwamba ameziona. Sura inaishia hapo.

Kama ungependa kuandika faragha yao, funga mlango mapema. Si suala la maadili ya mwandishi peke yake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia mtandaoni, na wengi wenu mnauza sura kwa simu.

Hatua ya 9: Fichua hadharani, mahali pasipo pa siri

Siri isifichuke kwa watu wawili kunong'ona usiku. Wote wanaijua, kinachotisha ni kutamkwa mbele ya watu. Chagua tukio ambalo sauti moja haiwezi kurudishwa: mkutano mkuu wa kijiji, matanga, siku ya posa, au tangazo la ndoa. Neema ni Mkristo na Shabani ni Mwislamu, kwa hiyo wanaamua kufunga ndoa ya kiserikali. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, na mwenye pingamizi alete. Siku 21! Mwandishi gani anakataa saa ya namna hiyo? Karatasi imebandikwa, kila mtu anasoma, na mjane wa Ayubu hajasema kama anaafiki.

Aliyetamka kwangu si Neema wala Shabani. Ni mtendaji mstaafu, mkutanoni, alipoombwa tu athibitishe tarehe. Alisema, "Tarehe ni sahihi. Mwenye dole ndiye hakuwepo." Akakaa. Niliandika sura ile mara sita kabla sijaelewa kwamba baada ya hapo watu wasipige kelele. Wakae kimya, mtoto alie, mtu amtoe nje.

Hatua ya 10: Maliza rasimu

Panga sura 25 hadi 30, kila moja maneno 1,500 hadi 2,000. Hiyo ni riwaya ya kutosha. Ukiandikia wasomaji wa simu, kata sura ziwe za maneno 700 hadi 900, lakini usibadilishe jedwali. Sura moja kwa siku mbili, umemaliza ndani ya miezi miwili. Usirudi nyuma kusahihisha hadi ufike mwisho, ukigundua Shabani alikuwa na dada uliyemsahau, andika pembeni "dada!" uendelee.

Ukishamaliza, acha wiki mbili. Kisha wape wale wasomaji wawili. Ukitaka kuchapa kitabu Tanzania, namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Maktaba ya Taifa, na hakimiliki unaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Fanya hivyo kabla ya kuanza kusambaza sura, maana sura zinazotumwa kwa simu huibwa na kubadilishwa majina ya wahusika ndani ya wiki.

Ukikwama

Hadithi imekufa sura ya nne. Karibu kila mara sababu ni kwamba mgeni ameshaambiwa siri. Rudi kwenye jedwali, tafuta nani alibwabwaja, mfunge mdomo. Kama hakuna aliyebwabwaja, basi hakuna aliye hatarini: ongeza swali la "kwa nini sasa".

Wasomaji wanasema wameshabashiri siri. Haina shida. Wabashiri. Mvutano wetu uko kwenye nani ataitamka na nani ataumia, si kwenye nini kilitokea. Wakibashiri na hilo pia, ndipo uhangaike.

Adui amekuwa katuni. Mzee wako anacheka kwa ukali na kupiga fimbo chini. Mwandikie ukurasa mmoja akiwa peke yake usiku wa 1994, mwanamke analia kwenye machela nje, na shamba la marehemu liko wazi mbele yake. Ukurasa huo usiutumie. Baada ya kuuandika hutaweza kumchekesha tena kwa ukali.

Mji unafanana na mji wowote. Chukua kaunta buku, andika harufu nne, sauti nne, na bei tatu. Bei ya chapati, nauli ya bodaboda hadi barabara kuu, bei ya gunia la kabichi shambani. Mwandishi asiyejua bei hajafika.

Mapenzi yanaonekana ya kulazimisha. Hesabu mara ngapi wapenzi wako wamefanya kazi pamoja. Kama ni sifuri, wape jenereta bovu, mgonjwa wa kubeba, au lori la kupakua. Watu wa huku hawapendani kwa kutazamana machweo.

Mtu wa kwenu amejitambua kwenye hadithi na ameanza kununa. Hili litatokea hata kama umebuni kila kitu. Kwanza hakikisha kweli umebuni: badilisha kazi, idadi ya watoto, na upande wa mto. Kisha usiende kumweleza. Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja wa kwetu kumhakikishia kwamba Mzee Shemboza si yeye. Akanisikiliza hadi mwisho, akamwita mkewe alete chai, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na hilo dole gumba, nani alikusimulia?"